Vijiumbe vyenye majina ya Nairobi: Misingi ya kuainisha viumbe visivyoonekana kwa macho

ABIRIA anayepanda matatu katikati ya jiji la Nairobi na kuelekea magharibi kupitia barabara ya Waiyaki hupita Westlands, Kangemi, Uthiru na Kinoo kabla ya kukaribia Kikuyu na Muguga. Ni safari isiyozidi kilomita 30, na wengi huikumbuka kwa msongamano wa magari tu. Hata hivyo, katika vitabu vya wataalamu wa vijiumbe kote duniani, njia hiyo ina sifa ya pekee. Ipo familia nzima ya virusi iliyopewa jina la Nairobi. Ipo jenasi yenye jina la Thogoto. Aina ya virusi iliyotumiwa kutengeneza chanjo iliyoangamiza sotoka ulimwenguni iliitwa kwa jina la Kabete, nayo chanjo ya maradhi ya kupe yanayomaliza ng'ombe wa Afrika Mashariki ina jina la Muguga.

Majina hayo hayakutolewa kwa heshima wala kwa utalii. Yalitolewa kwa sababu mifugo ilikuwa ikifa na watu wakataka kujua ni nini hasa kilichoiua. Hapo ndipo elimu ya vijiumbe, yaani mikrobiolojia, huanzia: kabla ya kutibu au kuchanja, ni lazima kujua adui ni wa kundi gani.

Kijiumbe ni kiumbe kidogo mno kisichoweza kuonekana bila hadubini. Lakini hata udogo huo una viwango. Bakteria wa kawaida wapatao 500, wakipangwa kwa mstari, hutosha kujaza milimita moja. Virusi vya homa ya Bonde la Ufa vikipangwa vivyo hivyo vitahitajika 10,000 hivi. Tofauti hiyo ndiyo iliyowatatiza wataalamu wa kale, kwani hadubini zao zilionyesha bakteria bila shida ilhali virusi havikuonekana kamwe.

Mtu wa kwanza kueleza kwa kina alichokiona alikuwa Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa katika mji wa Delft, Uholanzi, aliyejitengenezea lenzi zake katika miaka ya 1670. Karne iliyofuata, Carl Linnaeus wa Uswidi alipanga mimea na wanyama kwa utaratibu tunaoufuata hadi leo, lakini alipofika kwa viumbe hivi vidogo alivitupa katika fungu moja alilolipa jina la Kilatini lenye maana ya vurugu. Hakuwa na namna nyingine. Ukimtazama bakteria, utaona kijiti, kidonge au mzingo, basi. Hana mkia, pembe wala jani la kumtofautishia na jirani yake.

Mnamo 1866, Mjerumani Ernst Haeckel alipendekeza viumbe hivyo vitengewe himaya yao, mbali na mimea na wanyama. Mwaka wa 1969, Robert Whittaker wa Marekani akatoa mpango wa himaya tano: bakteria, viumbe vya seli moja vyenye kiini, kuvu, mimea na wanyama. Huu ndio mpango uliofunzwa wanafunzi wa Kenya chini ya mfumo wa 8-4-4, na yeyote aliyefanya mtihani wa Bayolojia wa KCSE anaukumbuka.

Mpango huo ulishapitwa na utafiti kitambo. Mnamo 1977, Carl Woese na wenzake nchini Marekani waliacha kutazama maumbo na badala yake wakalinganisha RNA inayopatikana katika viwanda vidogo vya protini ndani ya kila seli. Waligundua kwamba viumbe fulani vilivyodhaniwa kuwa bakteria vilitofautiana na bakteria kwa kiasi kikubwa mno. Vikaitwa arkea. Mnamo 1990 Woese alipendekeza uhai wote ugawanywe katika domeni tatu: bakteria, arkea, na viumbe ambavyo seli zake zina kiini, tukiwemo sisi, uyoga na vimelea vya malaria. Chini ya domeni huja himaya, kisha faila, ngeli, oda, familia, jenasi na hatimaye spishi.

Arkea si jambo la mbali. Ng'ombe anayecheua katika boma la Uthiru amebeba mabilioni yao tumboni. Ndio wanaotengeneza gesi ya methani anayoitoa kwa kubeua. Kituo cha Mazingira katika Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI), iliyoko Kabete, hupima gesi hiyo kwa kuwa inachangia kupanda kwa joto la dunia. Aidha, kusini-magharibi mwa jiji, katika maji ya magadi ya Ziwa Magadi, kulipatikana arkea ambaye mnamo 1984 aliitwa Natronobacterium magadii. Baadaye alihamishiwa jenasi nyingine na sasa ni Natrialba magadii. Jina la pili, linalotaja ziwa, halikuguswa. Ndiyo kanuni: kiumbe akihamishwa nyumba hubadili jina la kwanza tu.

Bakteria wa tauni alihamishwa zaidi ya mara moja. Ugonjwa huo ulizuka katika soko la Wahindi mjini Nairobi, na mnamo 1902 wakuu wa serikali ya kikoloni wakaamuru soko hilo liteketezwe kwa moto. Wakati huo bakteria mwenyewe alikuwa amejulikana kwa miaka minane tu, tangu Alexandre Yersin alipomtambua Hong Kong mnamo 1894. Kwa miaka mingi aliwekwa katika jenasi ya Pasteurella. Leo anaitwa Yersinia pestis.

Njia ya haraka ya kuwagawa bakteria bado ni ile iliyobuniwa na Hans Christian Gram, daktari kutoka Denmark, alipokuwa Berlin mnamo 1884. Bakteria hupakwa rangi ya zambarau, wakatiwa ayodini, wakaoshwa kwa spiriti, kisha wakapakwa rangi nyekundu. Wenye ukuta mnene hubaki na zambarau. Wenye ukuta mwembamba hupoteza zambarau na kuwa wekundu. Kazi hiyo huchukua dakika chache na humwonyesha daktari ni dawa zipi zina matumaini. Bakteria wa kifua kikuu hawafai kupimwa hivyo kwa sababu ukuta wao umejaa mafuta yanayofanana na nta, hivyo hutumiwa rangi na utaratibu mwingine.

Kuna pia bakteria wasio na ukuta kabisa. Mnamo 1976, watafiti wa Kabete walieleza kijiumbe walichokipata kwa mbuzi wenye homa kali ya mapafu, wakakipa alama F38. Ni wa kundi la mycoplasma. Penisilini huua bakteria kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta, na hapa hakuna ukuta wa kuvurugwa. Mfugaji anayemdunga mbuzi wake penisilini kwa maradhi hayo anatupa pesa, na mbuzi atakufa vilevile.

Turejee kwa virusi, kwa maana hapa ndipo Kabete ilipojipatia sifa. Virusi havimo katika domeni yoyote kati ya zile tatu. Havina seli. Kirusi ni kipande cha DNA au RNA kilichofunikwa kwa protini, na wakati mwingine utando wa mafuta, kisichoweza kuzaana mpaka kiingie katika seli ya kiumbe kingine na kuitumikisha. Iwapo ni kiumbe hai au la ni mjadala ambao wataalamu wamechoka nao, na sioni kwamba mfugaji au mgonjwa atapata faida yoyote ukiamuliwa.

Mwanzoni mwa karne iliyopita, kondoo walioletwa Nairobi kutoka nyanda zisizo na kupe walikuwa wakihara na kufa kwa wingi. R. Eustace Montgomery, mtaalamu wa maradhi ya mifugo, aliuchunguza ugonjwa huo na mnamo 1917 akachapisha maelezo kwamba huenezwa na kupe wa kahawia wa masikio. Ukaitwa ugonjwa wa kondoo wa Nairobi. Miongo kadhaa baadaye, virusi vyake vilipochunguzwa, vilionekana kuwa na jamaa wengi waenezwao na kupe katika Afrika, Asia na Ulaya. Jenasi yao ikaitwa kwa jina la Nairobi, na baadaye ikapandishwa hadhi kuwa familia ya Nairoviridae. Mmoja wa jamaa hao ni kirusi cha homa ya Crimea na Kongo, ambacho huwavujisha watu damu na kuwaua. Kwa hivyo daktari wa Uturuki anayemhudumia mgonjwa wa homa hiyo huandika jina la jiji letu bila kujua lilitokana na kondoo.

Kuna jambo jingine la kufundisha katika kisa hicho. Nchini India, mnamo miaka ya 1950, kulipatikana kirusi kwa kupe katika wilaya ya Ganjam, nacho kikapewa jina la wilaya hiyo. Jeni zilipolinganishwa baadaye, ilibainika kwamba Ganjam na Nairobi ni kirusi kimoja. Tangu kanuni mpya za kutaja virusi kwa majina mawili zianze kutumika katika miaka ya 2020, spishi hiyo inaitwa Orthonairovirus nairobiense.

Montgomery huyohuyo alichapisha mnamo 1921 maelezo ya kwanza ya homa ya nguruwe ya Afrika, iliyokuwa ikiangamiza nguruwe wa walowezi. Aligundua kwamba ngiri hubeba kirusi bila kuugua. Baadaye ilithibitishwa kwamba papasi, wale wadudu wa familia ya kupe wanaojificha katika mashimo na nyufa, ndio wanaokihifadhi. Kirusi hiki kimewapa wataalamu kazi kubwa ya kukipangia mahali. Ni kikubwa, kina DNA, na hakuna kingine cha DNA kinachojulikana kuenezwa na wadudu au kupe kwa namna hiyo. Ilibidi kitengewe familia ya peke yake, Asfarviridae, jina lililofinyangwa kutokana na herufi za mwanzo za jina la ugonjwa kwa Kiingereza. Ugonjwa ulifika Ureno mnamo 1957, Georgia mnamo 2007 na China mnamo 2018. Hadi sasa hauna tiba.

Kisa cha tatu kilitokea kando ya Ziwa Naivasha mnamo 1930. Wana-kondoo walikufa kwa wingi siku chache baada ya kuzaliwa, maini yao yakiwa yameharibika. Robert Daubney na J. R. Hudson wa maabara ya Kabete, pamoja na daktari P. C. Garnham, walichukua damu ya wanyama wagonjwa na kuipitisha katika vichujio vyenye vitundu vidogo kiasi kwamba bakteria hukwama. Kilichopita kiliendelea kuua kondoo. Kwa hivyo hakikuwa bakteria. Wachungaji waliugua homa, na hata baadhi ya waliokuwa wakifanya uchunguzi wakaugua, jambo lililoonyesha kwamba maradhi hayo humshika binadamu pia. Maelezo yao yalichapishwa mnamo 1931. Homa ya Bonde la Ufa imezuka mara nyingi tangu hapo, hususan baada ya mvua nyingi inayozalisha mbu. Mlipuko wa mwisho wa 2006 hadi mwanzo wa 2007 uliua zaidi ya watu 150 nchini Kenya na kutikisa biashara ya nyama hadi Nairobi.

Thogoto ina kisa kifupi lakini cha kuchekesha kidogo. Mnamo 1960, kupe waliokusanywa kutoka kwa ng'ombe katika msitu wa Thogoto, Kikuyu, walikutwa na kirusi kisichojulikana. Kilipopangwa, kiliangukia katika familia moja na virusi vya mafua, ingawa mafua hayaenezwi na kupe. Jenasi yake ni Thogotovirus. Wenyeji husimulia kwamba jina Thogoto lilitokana na jinsi Wakikuyu walivyolitamka jina la Waskoti, wamishonari waliojenga kanisa na hospitali hapo. Ikiwa ndivyo, Waskoti wameingia katika orodha ya virusi kupitia ulimi wa Kikikuyu. Kirusi cha Bourbon, kilichogunduliwa Marekani mnamo 2014 baada ya mtu kufariki, ni cha jenasi hiyohiyo.

Faida kubwa ya kujua ukoo wa kirusi ilidhihirika katika vita dhidi ya sotoka. Ugonjwa huo ulifagia ng'ombe wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 na kuwaacha wafugaji katika njaa. Kirusi chake ni ndugu wa karibu wa kirusi cha surua, na kama surua, kina sifa mbili zilizokuwa udhaifu wake: mnyama aliyepona hapatwi tena, na chanjo moja hukinga dhidi ya aina zake zote. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, Walter Plowright na wenzake huko Muguga walichukua aina kali ya kirusi iliyokuwa ikihifadhiwa Kabete tangu mwanzo wa karne na kuipitisha katika seli za figo za ndama takriban mara 90, hadi ikapoteza makali yake lakini ikabaki na uwezo wa kuamsha kinga. Dozi yake ilikuwa ya bei nafuu. Mara ya mwisho sotoka kuonekana ulimwenguni ilikuwa mwaka wa 2001, kwa nyati wa Mbuga ya Meru, na mnamo 2011 ikatangazwa kuwa imetokomezwa. Ni ugonjwa wa pili tu kutokomezwa kabisa, baada ya ndui. Plowright alitunukiwa Tuzo ya Chakula ya Dunia mnamo 1999.

Homa ya Pwani ya Mashariki, inayoitwa ndigana kali nchini Tanzania, imekuwa ngumu zaidi, na sababu ni ya kiuainishaji. Huenezwa na kupe yuleyule wa kahawia wa masikio anayeeneza ugonjwa wa kondoo wa Nairobi, lakini kinachoingia mwilini si kirusi. Ni Theileria parva, kiumbe cha seli moja chenye kiini, aliye katika faila moja na vimelea vya malaria. Viumbe hao hubadilika umbo wakiwa ndani ya kupe na ndani ya ng'ombe, nao wana njia nyingi za kukwepa kinga. Chanjo inayotumiwa, mchanganyiko wa Muguga, hufanya kazi kwa njia isiyo ya kawaida: ng'ombe hudungwa vimelea hai vya aina tatu, na papo hapo akapewa dawa ya kundi la tetrasaikilini ya kuwapunguza nguvu ili asife kabla mwili wake haujajifunza kujikinga. Lazima ihifadhiwe katika naitrojeni ya kimiminika, hivyo si rahisi kumfikia mfugaji wa mbali.

Kuvu nao wana kiini na ni jamaa wa karibu wa wanyama kuliko mimea, jambo ambalo wengi hawalisadiki. Hamira inayoumua mkate na ile inayochachua muratina ni kuvu wa seli moja. Aspergillus flavus, anayeota kwenye mahindi yasiyokauka vizuri na kuacha sumu ya aflatoksini, ni kuvu pia. Mwaka wa 2004 sumu hiyo iliwaugua watu 317 nchini, hasa Ukambani, na 125 kati yao wakafa. Kuchemsha ugali muda mrefu hakuiondoi, kwa maana kinachoua ni sumu iliyokwisha kutengenezwa wala si kuvu mwenyewe.

Habari zinazofika katika meza za wahariri mara kwa mara hutaja "virusi vya kipindupindu" au "bakteria wa mafua". Hakuna kitu kama hicho. Kipindupindu huletwa na bakteria Vibrio cholerae, nayo mafua huletwa na virusi. Huenda ikaonekana kuwa ni ukali wa mwalimu wa shule, lakini kosa hilo huishia katika duka la dawa. Antibaiotiki hushambulia sehemu za bakteria ambazo virusi havina. Mkazi wa Kawangware au Kangemi anayenunua vidonge vinne vya amoksilini bila cheti cha daktari kwa sababu ana mafua hakiathiri kirusi hata kidogo. Anawaathiri bakteria wanaoishi tumboni na kooni mwake. Walio dhaifu hufa, sugu hubaki, na usugu huo huweza kuhamishwa kutoka bakteria mmoja hadi mwingine kupitia vipande vya DNA, hata kama si wa spishi moja.

Homa ya matumbo ni mfano ulio karibu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, watafiti wa Nairobi waliripoti kuenea kwa bakteria wake waliokuwa sugu kwa dawa kadhaa za bei nafuu kwa wakati mmoja, zikiwemo ampisilini na kloramfenikoli. Hali hiyo iliwalazimu madaktari kutumia dawa za gharama zaidi, nazo pia zikaanza kupoteza nguvu. Kinachozidisha tatizo ni kipimo cha Widal, kilichobuniwa mnamo 1896, ambacho kliniki nyingi za mitaani hukitegemea. Hakimtafuti bakteria mwenyewe, ila kingamwili, na mtu aliyeugua zamani au aliyeambukizwa bakteria wa jamaa hiyo anaweza kuonekana mgonjwa. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha bakteria kutoka kwa damu kwenye maabara, kisha kuwajaribu kwa dawa mbalimbali. Huchukua siku kadhaa na huhitaji damu itolewe kabla mgonjwa hajameza antibaiotiki.

Hapa uainishaji hutatiza hata wanaoujua. Jenasi ya Salmonella ilipewa jina la Daniel Salmon, daktari wa mifugo wa Marekani, ingawa msaidizi wake Theobald Smith ndiye anayetajwa kuwa mgunduzi. Ilidhaniwa kuwa na spishi nyingi mno. Sasa karibu zote zimeunganishwa katika spishi moja, Salmonella enterica, yenye vikundi zaidi ya 2,500 vinavyotofautishwa kwa kemikali za ngozi yao ya nje. Typhi, anayeleta homa ya matumbo, ni kikundi kimoja tu kati ya hivyo, na huishi kwa binadamu pekee. Vingine huishi kwa kuku, nguruwe na ng'ombe, na baadhi huingia katika damu ya watoto wadogo wenye utapiamlo au malaria na kuwaua.

Julai 2025 serikali ilianzisha chanjo mpya ya homa ya matumbo kwa watoto wa kuanzia miezi tisa hadi wasiozidi miaka 14. Chanjo hiyo imetengenezwa kutokana na gamba la sukari linalomfunika Typhi. Vikundi vinavyoishi kwa kuku havina gamba hilo, wala Paratyphi A, anayeleta homa inayofanana sana na ya matumbo, hana. Mtoto aliyechanjwa bado anaweza kuambukizwa na hao.